Mkia Kwanza, Kisha Bawa

Tarehe 25 Novemba 1940 ndege moja iliyopakwa rangi ya manjano mwili mzima ilipaa kutoka uwanja wa Hatfield, kaskazini mwa London. Rubani alikuwa Geoffrey de Havilland mdogo, mtoto wa mwenye kampuni iliyoiunda. London ilikuwa ikipigwa mabomu usiku baada ya usiku, na Waingereza walikuwa na njaa ya ndege; hata hivyo wengi serikalini walikuwa wameitilia shaka ndege hii tangu ikiwa michoro mezani. Ilikuwa ya mbao. Wakati huo wataalamu walikwisha kukubaliana kwamba ndege ya vita hujengwa kwa alumini, na kwamba mbao ni habari za vita vya baba zao, enzi za mbawa za kitambaa na waya.

Miezi michache baadaye, katika majaribio ya kijeshi, ndege hiyo ya mbao iliipita kwa kasi Spitfire, ndege ya kivita ya alumini. Iliitwa Mosquito. Mpaka viwanda vilipoacha kuiunda, zilikwisha kutoka 7,781.

Ningeweza kuianza historia ya kompositi, yaani nyuzi zilizoshikwa na gundi, katika ndege za kivita miaka kama ishirini baadaye, nyuzi za kaboni zilipozaliwa. Naianzia hapa kwa sababu Mosquito ndiyo iliyouliza swali ambalo wahandisi wa ndege wamekuwa wakilijibu hadi leo: je, kitu kilichoshikwa na gundi kinaaminika? Ribiti unaiona kwa macho. Bolti unaikaza kwa mkono, na ikilegea unaijua. Gundi ikikauka imejificha, nawe hubaki na neno la aliyeipaka.

Ngozi ya Mosquito ilikuwa ya tabaka tatu. Katikati ilikaa balsa, mbao laini na nyepesi mno iliyoletwa kutoka Ekwado. Ndani na nje ikafunikwa na plaiwudi nyembamba. Balsa peke yake haina nguvu ya kutajika. Kazi yake ilikuwa kuzitenganisha zile plaiwudi mbili, maana mabamba mawili membamba yaliyoachanishwa na kitu chepesi hukataa kupinda kuliko yakigandana. Kiwiliwili kiliundwa nusu kwa nusu, kila nusu ikiwambwa juu ya kalibu yake, kisha zikafumbwa pamoja kama maganda ya karanga. Walioifanya kazi hiyo walikuwa maseremala wa makabati na mafundi wa piano, watu ambao kabla ya vita hakuna aliyewahesabu kuwa wajenzi wa ndege.

Gundi ya mwanzo ilitokana na maziwa, nayo ilikuwa dhaifu mbele ya unyevu na kuvu. Ikabadilishwa na gundi ya kemikali iliyotoka katika maabara moja ya Duxford, karibu na Cambridge. Hata hiyo haikuondoa wasiwasi wote. Mwaka 1944, katika joto na mvua za India na Burma, baadhi ya Mosquito zilianza kuachia viungo vya mbawa, na watu wakafa. Uchunguzi uliwarudisha wakaguzi karakana: kulikuwa na viungo ambavyo nyuso zake hazikukutana sawasawa siku ya kugundishwa. Kosa la milimita chache lililofanywa Uingereza lilidai roho ya mtu Asia, miezi mingi baadaye. Kila fundi wa kompositi aliyefuata ameishi chini ya kivuli cha jambo hilo.

Mwenye maabara ya Duxford alikuwa Norman de Bruyne, msomi wa Cambridge aliyezaliwa Chile. Kabla ya vita, yeye na mwenzake Malcolm Gordon walikwisha kufanya jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko gundi yenyewe. Walichukua nyuzi za kitani, wakazilaza sambamba, wakazilowesha resini ya fenoli na kuzikandamiza kwa joto hadi zikawa ubao mgumu. Waliuita Gordon Aerolite. Vita vilipoanza na hofu ya kukosa alumini ikaingia, kiwiliwili kizima cha Spitfire kilitengenezwa kwa nyuzi hizo, kikapimwa. Alumini haikukatika, na kiwiliwili kile hakikupata mwenzake. Aliyekulia Tanga kati ya mashamba ya mkonge hatashangaa kusikia kwamba uzi wa mmea unaweza kubeba kiasi hicho. Cha kushangaza ni jinsi wazo lilivyokuwa limekamilika mapema. Kilichokosekana ni uzi wenye nguvu zaidi.

Wazo lenyewe anayejua kukandika nyumba analijua. Fito peke yake ni kizimba cha kuku, na udongo peke yake hupasuka ukikauka. Ukiupachika udongo kati ya fito, fito hubeba mvuto, udongo huzishika fito zisipinde wala kuhama, na ukuta husimama. Katika kompositi ya ndege uzi ni fito na resini ni udongo. Kuna tofauti moja na metali ambayo mhandisi hawezi kuisahau hata siku moja. Bamba la alumini lina nguvu ileile ukilivuta mashariki au kaskazini. Uzi una nguvu upande ulikolala tu. Ukiuvuta kwa ubavu, unaitegemea resini peke yake, na resini si kitu. Kwa hiyo tabaka za nyuzi hupangwa kwa pembe: moja inyooke, nyingine ikate mshazari, nyingine ikingame. Anayepanga ndiye anayeamua ndege iwe na nguvu wapi na iwe dhaifu wapi. Kwa alumini, uamuzi huo ulikwisha kufanywa na maumbile.

Uzi wenye nguvu ulitafutwa kwanza mahali ambapo leo wachache wanapakumbuka, kwenye boroni. Mwaka 1959 Claude Talley, mtafiti wa Marekani, alionyesha kwamba nyuzi za boroni ni ngumu kupita kiasi. Utengenezaji wake ulikuwa wa kuchosha. Waya wa tangsteni mwembamba kuliko unywele ulipashwa moto hadi ukawaka, ukapitishwa polepole ndani ya gesi yenye boroni, na boroni ikajipaka juu yake punje kwa punje hadi uzi ukafika unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Uzi huo haukukubali kukunjwa kwenye pembe kali. Ulizimaliza keekee za kawaida hadi mafundi wakalazimika kutumia za almasi, na vibanzi vyake viliingia vidoleni kama miiba. Bei yake ilikuwa ya kutisha. Jeshi la Anga la Marekani lililipa, kwa sababu kwa uzito uleule boroni ilikuwa ngumu kuliko kitu chochote walichokuwa nacho.

Walipoamua kuiweka katika ndege ya kweli, waliiweka mkiani.

Sababu zilikuwa za kihandisi. Mkia uko mbali na kitovu cha ndege, kwa hiyo kila kilo inayoongezeka kule nyuma hudai uzito mwingine mbele wa kuisawazisha. Mkia pia hutikiswa vibaya na upepo wa kasi, na dawa ya mtikisiko ni ugumu, ambao boroni ilikuwa nao tele. Lakini nikiitazama orodha ya ndege za miaka ile naona na busara ya binadamu wa kawaida. Mgeni hukabidhiwa kwanza mundu, baadaye ghala. Bawa lilibaki la metali.

Tarehe 21 Desemba 1970, huko Calverton katika Long Island, F-14 Tomcat ya kampuni ya Grumman iliruka kwa mara ya kwanza, na mkia wake wa mlalo ulikuwa na ngozi ya boroni na resini ya epoksi. Hakuna ndege ya kivita iliyokuwa imetangulia kuundwa kwa wingi ikiwa na kiungo kikubwa namna hiyo cha kompositi. Siku tisa baadaye, katika safari yake ya pili, ilianguka. Waliokuwamo waliruka kwa viti vya dharura wakapona. Kama lawama ingeangukia mkia, huenda historia yote ingesimama miaka kumi. Uchunguzi ulikuta kwamba mabomba ya titani ya mafuta ya haidroli yalikatika kwa mtikisiko. Metali ndiyo iliyoshindwa, na boroni ikaendelea na safari. F-15 ilipopaa Julai 1972, nayo ilikuwa na boroni mkiani. Iran ilinunua F-14, ikapokea 79, na baada ya mapinduzi ya 1979 ilibaki nazo bila msaada wa waliozitengeneza. Ile mikia ya boroni iliendelea kuruka huko hata baada ya Jeshi la Majini la Marekani kuzistaafisha zake mwaka 2006.

Kaboni, wakati huo, ilikuwa ikiiva katika mabara matatu.

Huko Parma, katika jimbo la Ohio, Roger Bacon wa Union Carbide alipata mwaka 1958 vijiuzi vya grafaiti vyenye nguvu ya ajabu, ingawa havikuwa na urefu wala bei ya kumfaa mjenzi wa ndege. Huko Osaka, Japani, mtafiti wa serikali aitwaye Akio Shindo alichukua nyuzi za akriliki, jamii ileile inayofumiwa masweta, akazichoma hatua kwa hatua hadi vitu vyote vikatoka ikabaki kaboni. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1961. Na Farnborough, katika taasisi ya ndege ya serikali ya Uingereza, William Watt, Leslie Phillips na William Johnson walikuwa na akriliki ileile wakatambua jambo dogo lenye uzito mkubwa. Uzi unapopashwa moto hutaka kusinyaa. Ukiuacha usinyae, chembe zake hujikunja ovyo na unapata uzi wa kaboni usio na maana. Ukiushikilia, ukaunyima nafasi ya kusinyaa mwanzoni kabisa mwa kuchomwa, chembe hubaki zimenyooka kwa urefu wa uzi, na zikifika kwenye joto kali hujipanga kuwa tabaka za kaboni zinazovutana kwa nguvu zisizo na mfano. Uvumbuzi huo ulikuwa tayari mwaka 1963, na hataza ikaombwa mwaka uliofuata.

Uzi mmoja una unene wa kama mikromita saba, takriban moja ya kumi ya unywele wa mtu. Maelfu yake hukusanywa pamoja kuwa kamba nyeusi inayong'aa, laini kama hariri. Tofauti na boroni, ilikubali kukunjwa, kufumwa na kukatwa.

Uingereza ilikuwa na kitu hicho mkononi, na ikajeruhiwa nacho. Rolls-Royce ilikuwa ikitengeneza injini ya ndege za abiria, RB211, ikaamua makafi ya feni yake ya mbele yawe ya kaboni. Yalikuwa mepesi sana. Mwaka 1970 yakajaribiwa dhidi ya ndege wa angani: injini ikizunguka, mzoga wa kuku ukafyatuliwa ndani yake, na makafi yakavunjika vipande vipande. Kafi lililojengwa libebe mvuto wa kuzunguka lilipigwa ubavuni, upande ambao nyuzi hazikulala. Wakarudi kwenye titani. Gharama za injini hiyo zilikuwa zimekwisha kupanda mno, na tarehe 4 Februari 1971 Rolls-Royce ikatangaza kufilisika. Serikali ikalazimika kuichukua. Si haki kuitwika kaboni mzigo wote wa anguko lile. Lakini nawafikiria watu wa Farnborough walivyolipokea pigo hilo, wakati uzi wao ulikuwa umefanya kila walichoahidi na kosa lilikuwa la waliouomba kazi isiyo yake.

Aliyeiokoa kaboni hakuwa mwanajeshi. Mapema miaka ya 1970 kampuni ya Toray ya Japani ilianza kuuza nyuzi zake, na wanunuzi wa kwanza wakubwa walikuwa wavuvi wa fimbo na wachezaji wa gofu. Fimbo nyepesi isiyopinda ovyo ilipendwa, viwanda vikapanuka, bei ikashuka mwaka hadi mwaka. Boroni haikuwa na mvuvi wa kuinunua. Ilipokuja F-16, ngozi ya mkia wake ilikuwa ya kaboni, na hapo zamu ya boroni ikawa imepita.

Bado tuko mkiani. Aliyevuka kwenda bawani alilazimishwa na shida.

Harrier, ndege ya Waingereza inayopaa na kutua wima, inasimama hewani kwa msukumo wa injini peke yake. Ndege nyingine ikiwa nzito hurefusha mbio zake uwanjani. Harrier ikiwa nzito haiinuki. Kikosi cha Marine cha Marekani kiliipenda, ila kilitaka ibebe silaha na mafuta zaidi. Uingereza ilijitoa katika mpango wa pamoja mwaka 1975, na kampuni ya McDonnell Douglas ya St. Louis, Missouri, ikaamua kutobadili injini kwa kiasi kikubwa na badala yake kutafuta uzito wa kupunguza. Wahandisi wakachora bawa jipya, kubwa kuliko la zamani, kipande kimoja kutoka ncha hadi ncha, la kaboni na epoksi. Ndege ya majaribio yenye bawa hilo iliruka Novemba 1978, na AV-8B kamili ikafuata Novemba 1981. Kompositi ilikuwa asilimia 26 ya uzito wa muundo wake, na zaidi ya kilo 200 ziliokolewa. Ndege iliyobuniwa Uingereza, kwa uzi ambao Uingereza ilishiriki kuuzaa, ilirudi katika jeshi la Uingereza ikiwa na bawa lililochorwa Missouri.

Mwezi uleule wa Novemba 1978 iliruka F/A-18, ya kampuni hiyohiyo, nayo ikiwa na ngozi za kaboni mbawani. Hii ilikuwa ya kuishi juu ya manowari, na bahari ilileta fundisho lake. Kaboni hupitisha umeme. Ikigusana na alumini penye maji ya chumvi, viwili hivyo huwa kama betri, na anayeliwa ni alumini. Mtu wa Lamu au Bagamoyo anaijua chumvi inavyokula bati. Hapa ililetewa msaidizi. Mafundi hukinga kwa kuweka tabaka ya nyuzi za kioo kati ya vitu hivyo viwili na kwa kuchagua bolti za titani.

Inafaa kuingia karakana walau mara moja. Nyuzi hufika zikiwa mikeka mipana, tayari zimeloweshwa resini, na huhifadhiwa katika majokofu kwenye nyuzijoto 18 chini ya sifuri ili resini isianze kukomaa. Zikitolewa nje, saa zake huanza kuhesabiwa, na zikizidi kikomo, mkeka wa bei kubwa hutupwa. Chumba ni kisafi, mikono imevaa glavu, maana mafuta ya kidole kimoja yanatosha kuzuia tabaka mbili zisishikane. Mkeka hulazwa juu ya mkeka, kila mmoja kwa pembe yake, na kila mmoja hubanduliwa karatasi ya kinga kabla ya kulazwa. Karatasi ikisahaulika ndani, hakuna atakayeiona tena kwa macho. Wapo wanaofanya kazi hii kwa mkono miaka mingi, na wasukaji wa ukili wangewaelewa: jicho liko kwenye mwelekeo wa uzi muda wote. Kisha kipande hufungwa ndani ya mfuko, hewa ikanyonywa, kikaingizwa katika otoklevu, tanuri la chuma lenye ukubwa wa nyumba, kikapikwa kwa saa kadhaa kwenye nyuzijoto karibu 180 chini ya mgandamizo wa kama mara saba ya ule wa hewa tuliyoizoea. Chuma kikikosewa kinayeyushwa tena. Hapa hakuna kurudi.

Ndege ninayoipenda kuliko zote katika historia hii haikupiga vita vyovyote. Ni X-29.

Tangu vita vya Hitler ilijulikana kwamba bawa linaloelekea mbele lina faida. Wajerumani walirusha Ju 287 yenye mbawa hizo Agosti 1944. Ilijulikana pia kwa nini halifai. Upepo ukiinua ncha ya bawa kama hilo, ncha hujisokota na kuinua uso wake dhidi ya upepo. Uso ukiinuka, upepo unasukuma zaidi. Bawa linasokotwa zaidi, mpaka ling'oke. Kwa alumini dawa ilikuwa kulinenepesha hadi liwe zito, na faida yote ikaliwa na uzito. Norris Krone, ofisa wa Jeshi la Anga la Marekani, alionyesha katika utafiti wake wa miaka ya 1970 kwamba kompositi ina njia nyingine. Ukizilaza nyuzi kwa mshazari uliopimwa vizuri, bawa linapopinda kwenda juu linalazimika kujisokota kwenda chini. Upepo ukizidi kusukuma, bawa lenyewe linaukwepa. Hakuna mota wala rubani anayefanya kazi hiyo. Imo katika mpangilio wa nyuzi tangu siku zilipolazwa.

Grumman ilijenga X-29 mbili. Ili kuokoa fedha ilichukua pua na sehemu ya mbele ya F-5A, ndugu mkubwa wa zile F-5E ambazo Kenya imekuwa nazo tangu mwaka 1978 na ambazo watu wa Nanyuki wanazitambua kwa mngurumo. Magurudumu makuu yalitoka F-16. Nyuma ya vitu hivyo vya kuazima yakapachikwa mabawa yasiyofanana na ya ndege yoyote waliyoizoea watu, ngozi zake za kaboni. Tarehe 14 Desemba 1984 Chuck Sewell, rubani wa majaribio wa Grumman, aliipaisha huko Edwards, California. Ilikuwa ndege isiyotulia kwa maumbile, kompyuta zikiirekebisha hadi mara 40 kwa sekunde, na mbawa zikafanya kama hesabu ilivyosema. Haikuzaa ndege ya jeshi. Warusi nao walirusha Su-47 yenye mbawa za kuelekea mbele mwaka 1997, na haikuingia kazini. Lakini kabla ya X-29 kaboni ilikuwa imetumiwa zaidi kama alumini nyepesi, ikikatwa kwa umbo la kile ilichokibadili. Sewell siku ile alikalia ndege ambayo alumini isingeweza kuijenga kwa njia yoyote yenye akili.

Ujuzi huo ulipogeuka mali, ukaleta ugomvi. Japani ilitaka ndege yake yenyewe. Marekani ikaibana ianzie kwenye F-16, na mwishoni mwa miaka ya 1980 wabunge mjini Washington wakalalamika kwamba siri zao zinagawiwa bure. Mitsubishi ilikuwa na kitu ambacho Wamarekani nao walikitaka: namna ya kulipika bawa la kaboni pamoja na mihimili yake kwa mpigo mmoja, bila kuziunga baadaye kwa bolti. Makubaliano yakawa kwamba ujuzi huo uvuke bahari, na sehemu ya mabawa ya kushoto ijengwe Marekani. Ndege hiyo, F-2, iliruka Oktoba 1995. Nyufa zilionekana katika mabawa wakati wa majaribio, ikabidi kuyaimarisha, na ndege ikachelewa.

India ilipita njia ngumu zaidi. Shirika la kusimamia ndege yake nyepesi ya kivita liliundwa mwaka 1984, na maabara ya taifa ya anga ya Bangalore ikapewa kazi ya kompositi. Mwaka 1998, baada ya India kulipua mabomu ya nyuklia ya majaribio, vikwazo vilishuka na ushirikiano na Wamarekani ukakatika kazi ikiwa katikati. Bawa lao halikukatika, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kujifunza kulaza na kupika wenyewe. Tarehe 4 Januari 2001 Rajiv Kothiyal aliipaisha ndege iliyokuja kuitwa Tejas, takriban asilimia 45 ya uzito wa mwili wake ikiwa kompositi. Ilingoja hadi 2016 kuingia kikosini, na kwa ucheleweshaji huo imelaumiwa sana, kwa haki. 

Kwingineko mambo yalikwenda haraka, nami nitayapita haraka. Eurofighter imefunikwa na kaboni kwa takriban asilimia 70 ya uso wake. F-35 ina kompositi karibu asilimia 35 ya uzito, na mashine zinalaza nyuzi mahali palipokuwa na mikono. Rada nayo iliongeza sababu mpya, kwa kuwa ngozi inayopikwa katika kalibu hupata umbo sahihi lisilo na safu za ribiti, na umbo hilo huyatawanya mawimbi. F-22 ndiyo inayonisimamisha kidogo. Kompositi yake ni takriban asilimia 24, titani asilimia 39. Majaribio ya kupigwa risasi yaliwafanya wahandisi warudishe titani katika baadhi ya mihimili ya bawa iliyokuwa ya kompositi. Zaidi ya miaka hamsini baada ya Hatfield, swali la kuamini lilikuwa bado linajibiwa mhimili kwa mhimili.

Hizi zote ni silaha, na zimeua watu. Sitaki ustadi wa mafundi unifunike macho. AV-8B zilidondosha mabomu Iraq mwaka 1991, na mabomu hayo hayakuwa mepesi kwa waliokuwa chini. Uzi uleule, hata hivyo, umekwenda kwingine. Ndege ya Boeing 787 ya Kenya Airways au ile ya Air Tanzania iliyopokelewa Dar es Salaam mwaka 2018 ni kompositi kwa nusu ya uzito wake, na nyuzi zake zinatoka kwa Toray. Mama anayesafiri kumwona mjukuu amekaa ndani ya kitu kilichoanzia kwenye jiko la maabara ya Osaka na la Farnborough, kikajifunzia kazi mkiani mwa ndege za vita.

Na gundi bado haionekani. Zipo mashine za mawimbi ya sauti na za eksirei zinazochungulia kati ya tabaka, lakini katika hanga za kijeshi utamkuta fundi ameshika nyundo ndogo, au sarafu tu, anagonga ngozi ya bawa hatua kwa hatua huku ameinamisha kichwa. Anafanya kile afanyacho mnunuzi wa chungu sokoni. Tabaka zikiwa zimeshikana, mlio ni mkali na safi. Anagonga, anasogea kidole kimoja, anagonga tena. Mahali zilipoachana, mlio hufa. Hapo huchukua kalamu ya nta, akazungushia duara, na ndege hiyo haitoki leo.